Usiniambie Mlima Si Mashindano

Kila Jumamosi asubuhi, pale kwenye lango la vilima vya Ngong, kabla hata jasho halijatoka, lazima apatikane msee mmoja wa kutoa hotuba. Utamjua kwa buti. Buti zake ni bei ya kodi yako ya nyumba, fimbo zake ni mbili na zinakunjwa, na maji yake anayanywa kwa mrija unaotoka mgongoni. Atawaangalia nyinyi mliobandikwa namba kifuani, mliojiandikisha kwa chalenji ya vilele saba, atatabasamu kama padri, halafu atasema: "Lakini mlima si mashindano, jamani. Mlima ni wa kutuliza roho."

Nimeisikia sentensi hiyo Ngong, nimeisikia Longonot, nimeisikia hadi kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti yetu. Ni tamu, na inafaa sana kuandikwa juu ya picha ya machweo. Tatizo ni kwamba ni ukweli wa mtu asiyehitaji sababu ya kutoka nyumbani. Sisi wengine tunaihitaji. Ndiyo maana nataka kutetea chalenji: ile ya kulipa, kupewa namba, kupimwa muda, kuhesabu vilele na kugongewa muhuri kwenye kijitabu. Na naitetea nikiwa mtu wa mkia. Chalenji zote nilizoingia, sijawahi hata mara moja kumaliza kwenye nusu ya kwanza. Kwa hivyo usidhani natetea medali zangu.

Wacha nianze na ngazi. Naishi ghorofa ya nne na lifti hakuna. Miaka miwili iliyopita nilikuwa nikifika ghorofa ya tatu, nasimama, natoa simu, najifanya nasoma meseji ili jirani asijue natafuta pumzi. Nilikuwa na miaka 29. Kazi yangu ni ya kukaa: kiti, kompyuta, chai ya saa nne, chapo madondo ya saa saba, kisha saa moja na nusu ndani ya matatu nikirudi mtaani. Siku moja kichwa kikaniuma hadi nikaenda kupimwa. Daktari akanifunga ule mkanda kwenye mkono, akapima, akapima tena, kisha akaniuliza kama kuna mtu kwetu mwenye presha. Babangu, nikamwambia. Anaendeleaje? Tulimzika akiwa na miaka 52.

Daktari akanyamaza kidogo, akaandika, kisha akaniambia: pamoja na dawa, tembea.

Nitembee wapi? Nairobi hii, ukitembea kando ya barabara kuu unavuta moshi wa malori, njia ya miguu ina vibanda, na palipobaki pana bodaboda anayekupigia honi kama wewe ndiye uliyepotea. Nikajaribu jimu. Nililipa miezi mitatu, nikaenda mara nne. Nikasema nitakuwa nikiamka saa kumi na moja nizunguke mtaa. Nitaanza kesho. Na kesho ya Nairobi tunaijua sote: inaahidiwa kila siku na haifiki.

Kilichonitoa kitandani hakikuwa roho kutaka utulivu. Mwenzangu wa kazi aliniandikisha kwenye chalenji bila kuniuliza. Vilima vitano, miezi mitano: Ngong, Kilimambogo, Longonot, Elephant Hill, na mwisho Lenana kule Mlima Kenya. Akalipa ya kwanza kutoka mfukoni mwake, akanitumia tarehe na kuongeza mstari mmoja: "Ukimaliza Ngong hunidai wala sikudai. Ukikosa, unanirudishia mara mbili."

Hiyo ndiyo hoja yangu ya kwanza, na haina falsafa yoyote. Ni tarehe. Utulivu wa roho hauna tarehe. Unaweza kuuahirisha hadi uzeeke, na hakuna atakayekupigia simu kukuuliza uko wapi. Chalenji ina siku, ina saa, ina matatu inayoondoka saa kumi na mbili kamili, na ina watu kumi na wanne wanaokungoja ndani wakikutukana kwa mapenzi. Wanaodharau hilo wamesahau jinsi binadamu alivyo. Hata ibada tumeziwekea siku na saa, kwa sababu tulijua tukiachiwa "ukijisikia" hatutaenda.

Hoja ya pili ni kwa wale wanaosema mashindano yana sumu, kwamba tumechoka kushindana na mlimani tunafaa kupumzika na hayo mambo. Nawaelewa. Lakini hebu tuangalie vizuri mashindano ambayo tayari tumo. Unashindania kiti cha matatu. Unashindania kazi ya mkataba wa miezi mitatu na watu wenye digrii mbili. Unashindana na mwanafunzi mwenzako wa zamani aliyeposti gari jipya, na hujui kama ni lake ama la kuazima. Nairobi yote ni mashindano, ila hayana mstari wa kuanzia, sheria zinabadilika ukiwa katikati, wengine walianza wakiwa karibu na mwisho, na hakuna anayekuambia umefika. Hakuna hata siku moja utakayoambiwa: basi, inatosha, keti unywe maji.

Mlimani yapo. Mstari wa kuanzia ni mmoja. Kilele hakisogei. Ukifika, umefika, na hakuna bosi wa kukuambia kilele kimehamishwa hadi robo ijayo ya mwaka. Kilimambogo barabara ya kwenda juu ni kama kilomita 9, na wakati ule aliyefika wa kwanza kwetu alikuwa fundi wa viatu aliyevaa raba alizozishona mwenyewe. Nyuma yake, mbali sana, alikuja meneja wa watu, uso mwekundu kama nyanya, akiomba glukosi. Yule fundi ndiye aliyempa. Niambie ni wapi tena mjini hawa wawili wangekutana, na wa kwanza akawa yule wa kwanza.

Na hili ndilo lililonibadilisha kabisa: mlimani mshindi anakungoja. Nilipofika mimi, saa moja na ushei baada yake, fundi alikuwa bado pale, amevaa sweta, anapiga makofi. Alinipigia makofi mimi, mtu wa mkia. Sijawahi kuona mshindi wa tenda akimngoja aliyeshindwa ili ampe kiazi kitamu.

Najua kuna wale watakaosema haya yote ni mambo ya wazungu. Mwafrika apande mlima bila kufukuzwa na kitu, kwani amekosa kazi? Hii nimeisikia kwa mjomba wangu, na kwa heshima zote, mjomba, historia inakukataa. Mwaka 1899 Halford Mackinder, Mwingereza, alifika kilele cha Batian, mita 5,199, pamoja na Waitaliano wawili, César Ollier na Joseph Brocherel. Majina hayo matatu yamo vitabuni. Lakini msafara wake ulikuwa na Wazungu sita tu. Waliobaki walikuwa Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamasai wawili wa kuonyesha njia. Watu 164 weusi waliingia safari ile na mizigo kichwani, wengi bila viatu vya maana, ili majina matatu yaandikwe. Majina ya hao 164 nani anayajua? Kwa hivyo tusidanganyane eti sisi si watu wa mlima. Tulikuwako tangu mwanzo. Kilichokosekana ni kuandikishwa.

Ndiyo sababu kipande kile cha karatasi chenye namba, kile ambacho msee wa buti anakicheka, mimi nakipenda. Ni orodha. Jina langu limo, na muda wangu, hata kama ni muda wa aibu.

Tena taifa hili lenyewe lilizaliwa likiwa na mtu mlimani. Desemba 1963, huku chini Nairobi bendera ya Mwingereza ikiteremshwa, Kisoi Munyao alikuwa ameipeleka ya kwetu hadi Lenana, mita 4,985, akaipandisha kwenye baridi ile. Na Mei 2022 James Kagambi, mwalimu wa upandaji milima, alisimama kilele cha Everest akiwa Mkenya wa kwanza kufika huko. Alikuwa na miaka 62. Sisi wa miaka 30 tunalalamikia magoti. Mwaka uliofuata, kule Innsbruck, Patrick Kipngeno akatwaa ubingwa wa dunia wa mbio za kupanda mlima. Mbio za kupanda tu, hakuna kushuka. Ni Mkenya, na ukiuliza watu kumi Kencom, tisa hawatamjua.

Mkitaka kujua wazungu wanafanyaje, wacha niwape kimoja cha kuwachekesha. Uskoti wana orodha ya milima 282 yenye zaidi ya futi 3,000. Orodha ya kwanza ilitolewa na Hugh Munro mwaka 1891, na hadi leo watu wazima wanatumia maisha yao wakiitia alama mmoja mmoja. Mrefu kuliko yote, Ben Nevis, una mita 1,345. Nairobi iko mita 1,700 na kitu juu ya bahari. Yaani ukiwa umelala kitandani Umoja, na blanketi hadi shingoni, tayari umeupita mlima mrefu kuliko yote Uingereza. Hao wenye vilima vifupi wametengeneza chalenji ya maisha. Sisi tulio na Longonot, Satima na Mlima Kenya tunasema hatuna pa kwenda wikendi.

Sasa nije kwenye hoja nzito, na hii siichezei. Watu hufa milimani. Mei 2024 Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki na mpandaji aliyependwa sana na wapandaji wa nchi hii, alifia Everest akijaribu kufika juu bila oksijeni ya mtungi. Nawang Sherpa, Mnepali aliyekuwa akimwongoza, hakurudi pia. Wiki ile grupu zetu zote zilinyamaza. Sitatumia kifo chake kushinda mabishano, wala sitakubali kitumiwe kuwafungia watu nyumbani. Nitasema tu kile kilichonipata mimi, mahali pafupi zaidi.

Elephant Hill ni upande wa Nyandarua, unaanzia msituni Njabini. Unapita mianzi na matope yanayovua viatu, halafu unatoka kwenye uwazi na kuna mahali wapandaji wamepapa jina la kukata tamaa. Siku yetu kulikuwa na mvua. Sheria ya chalenji ilikuwa moja: ikifika saa saba mchana hujagusa kilele, unageuka. Saa saba ilinikuta nakiona. Nakiona kabisa, mgongo wa ndovu ule, ukungu ukija na kuondoka. Nilikuwa na nguvu. Nilimwambia yule kiongozi wa nyuma, ambaye tunamwita Mkia kwa sababu kazi yake ni kuhakikisha hakuna aliyebaki nyuma yake, kwamba dakika ishirini tu. Akanionyesha saa. Nikamwambia nimelipa. Akaniambia, "Umelipia kurudi pia."

Niligeuka nikilia, sina haya kusema. Tulikuwa chini kabla ya giza. Kundi jingine, marafiki waliokuja wenyewe "kutuliza roho," wasio na namba wala saa ya kugeuka, waliendelea. Walitoka msituni saa tatu usiku wakimulika kwa simu zilizobaki asilimia sita, mmoja akitetemeka na kuongea maneno yasiyoeleweka. Tulimvua nguo zilizolowa, tukamfunga blanketi, tukampa chai ya sukari kidogo kidogo. Alipona. Hakuna aliyekuwa mjinga kati yao, na miguu yao ilikuwa na nguvu kuliko yangu. Kilichowakosekana ni mtu mwenye saa na mamlaka ya kusema basi.

Kwa hivyo mtu akiniambia mashindano ni hatari, namuuliza: mashindano gani? Mashindano yenye sheria ndiyo yaliyonirudisha. Kinachoua ni kushindana na nafsi yako peke yako, mahali ambapo hakuna wa kukusimamisha. Nililijifunza hilo kwenye matope ya Nyandarua na nikalileta mjini. Sasa kazini nina saa ya kugeuka. Ikifika saa kumi na mbili, kompyuta nafunga. Kilele cha bosi nitakifikia siku nyingine.

Kuna pia wanaosema mlima ni mahali patakatifu, si uwanja wa michezo. Hawa siwapingi hata kidogo. Kwa Wakikuyu Kirinyaga ni makao ya Ngai, na Batian, Nelion na Lenana ni majina yaliyotoka kwa viongozi wa Wamaasai. Lakini heshima haipimwi kwa upole wa mwendo. Nimeona watu wapole sana, wa kutuliza roho, wakiacha pakiti za biskuti kwenye ukingo wa Longonot, na spika imefunguliwa hadi nyati wa bondeni wakajua wimbo. Kwenye chalenji yetu ukiacha takataka unakatwa muhuri. Utashangaa jinsi watu wanavyoheshimu patakatifu muhuri ukiwa hatarini.

Sasa nigeukie upande wangu, maana kutetea si kufumba macho. Kuna waandaaji wanaotuharibia. Wanabeba watu mia mbili na viongozi wawili, wapiga picha watatu, huduma ya kwanza hakuna. Wanakutoza pesa ya kumpeleka mtu Mombasa kwa treni na kurudi, kumbe Ngong ni matatu ya 111 hadi mjini kisha bodaboda hadi langoni. Kabla ya kulipa, uliza maswali manne. Nani anatembea wa mwisho? Saa ya kugeuka ni ngapi? Mtu akiumia anabebwa na nani? Na kama ni Mlima Kenya, wapagazi wanalipwa ngapi na wanabeba kilo ngapi? Akikujibu "usijali, ni kujienjoi tu," shika pesa yako. Na kama ratiba yake ya Lenana ni kulala usiku mmoja kisha kileleni, mwambie akapande na mamake. Ukipita mita 3,000 mwili unataka siku. Kichwa kikiuma na kutapika kukianza, dawa ya kwanza ni kushuka.

Na kwa dada zangu, mnajua bora kuliko mimi kwa nini mwanamke hawezi tu kuamka akaenda kutuliza roho peke yake kilimani. Pale mkiani nimetembea na mama mmoja, mwalimu mstaafu, tunayemwita Shosho Nambari, kwa sababu namba zake zote huzihifadhi. Aliniambia alitamani vilima vya Ngong miaka thelathini, akiviona kila siku kutoka darasani, na hakuwahi kwenda kwa kuogopa kuporwa au vibaya zaidi. Mumewe hakupenda kutembea. Marafiki walimwambia ni mzee. Siku alipoona tangazo la chalenji alihesabu: watu themanini, askari wa misitu, mtu wa mwisho mwenye redio. "Nikajua hapo nitarudi," alisema. Mwambie huyo mlima si mashindano. Atakuuliza kama wewe ndiwe utakayemsindikiza.

Wahenga walisema milima haikutani lakini binadamu hukutana. Mimi nilikuwa nadhani ni methali ya kuagana. Siku hizi naona ni maelezo ya kazi: mlima umekaa pale, hauendi popote, ni sisi tunaopaswa kupangiwa tukutane juu yake. Kukutana hakuji kwenyewe. Kunahitaji mtu wa kuweka tarehe, kuhesabu vichwa, na kungoja wa mwisho.

Elephant Hill nilirudi, mwezi wa pili yake, nikagusa kilele saa tano na dakika hamsini. Muhuri ninao. Lenana bado, tutaenda Februari, kukiwa kumekauka. Ghorofa ya nne napanda bila kutoa simu. Presha imeshuka, ingawa dawa bado nakunywa, na daktari hajaniahidi chochote. Mwenzangu wa kazi alikataa pesa yake. Akasema nimlipie mtu mwingine.

Nimeshalipa. Ni mdogo wangu, anaishi Kayole, anakaa siku nzima akiendesha teksi ya programu, na akipanda ngazi kwangu husimama ghorofa ya tatu akatoa simu. Ana miaka 24, na baba yetu ni mmoja. Bado hajui kama nimemwandikisha. Matatu inaondoka Jumamosi saa kumi na mbili kamili, na namba yake ninayo hapa mfukoni.